Kutunza matiti baada ya kujifungua kwa mama asiyenyonyesha

Karibu kila wodi ya wazazi hapa Uganda ina picha ukutani ya mama akinyonyesha, na sisi wakunga tunajua kwa moyo maneno ya kumwonyesha jinsi ya kumweka mtoto kwenye titi. Mama ambaye hatanyonyesha haoni picha yake popote. Anaruhusiwa kurudi nyumbani siku ya kwanza au ya pili, matiti yakiwa bado laini, hakuna aliyemwambia kitu. Siku ya tatu au ya nne anaamka kifua kimekuwa kigumu, kinawaka, na hawezi kuinua mkono. Hapo ndipo kila mtu nyumbani anakuja na dawa yake.

Nimeandika kwa ajili ya mama huyo na wanaomtunza: ssenga (shangazi), mama mkwe, mume, jirani wa kambi ya jeshi ya Bombo au Arua, mkimbizi mwenzake wa Nakivale au Kyangwali. Mengi ya hapa yanafanyika nyumbani kwa vitu vilivyopo, ila yanahitaji mtu ajue mapema.

Jambo la kushika ni hili: maziwa hukauka yanapoachwa ndani. Kazi yetu ni kupunguza maumivu bila kuyatoa yote.

Kinachotokea kifuani

Maziwa hayamsubiri mtoto aanze kunyonya. Tangu yapata wiki ya 16 ya mimba, matiti huwa yameanza kutengeneza dang'a, yale maziwa ya kwanza ya manjano. Kinachoyazuia yasimwagike ni homoni ya projesteroni inayotoka kwenye kondo la nyuma. Kondo likishatoka, homoni hiyo hushuka ghafla, na prolaktini, ambayo ndiyo homoni ya maziwa, hubaki bila kizuizi. Kati ya siku ya 2 na ya 4 matiti hujaa. Ndiyo sababu aliyezaa kwa upasuaji naye hujaa, na hata aliyepoteza mimba ya miezi mitano anaweza kushtuka kuona nguo imelowa.

Kuanzia hapo titi linafuata matumizi. Likitolewa maziwa, linatengeneza mengine. Likiachwa limejaa, shinikizo lililomo ndani pamoja na protini iliyo kwenye maziwa yenyewe huziambia seli zipunguze kazi, na maziwa yaliyobaki hufyonzwa taratibu yakarudi mwilini. Hayaozi kifuani. Hayapandi kichwani wala hayamfanyi mtu kuwa mwendawazimu. Nataja hofu hizi kwa sababu ndizo zinazowafanya wazee wamkamue mama hadi tone la mwisho, kila asubuhi na jioni, kwa nia njema kabisa, na siku za mateso zinaongezeka.

Kwa wengi maumivu huwa makali kuanzia siku ya 3 hadi ya 5, kisha hupungua. Ndani ya wiki moja hadi mbili matiti hulainika. Matone machache yanaweza kuendelea kutoka kwa wiki kadhaa baadaye, na hilo si ugonjwa.

Hatua ya 1: Hakikisha sababu ni ya kweli

Wapo wanaoachishwa kunyonyesha bila sababu, na hili linaniuma. Mama mwenye virusi vya UKIMWI anayemeza ARV zake kila siku anashauriwa hapa Uganda anyonyeshe: miezi 6 ya kwanza maziwa yake peke yake, kisha aendelee pamoja na vyakula vingine hadi mtoto afikishe mwaka, huku mtoto akipewa dawa ya maji ya nevirapini wiki za mwanzo. Nchi ilianza mwaka 2012 kuwapa ARV za maisha wajawazito wenye virusi, na ule ushauri wa zamani wa kuwatenga na watoto wao haufai tena. Malaria si sababu ya kuacha. Upasuaji si sababu. Kupata mimba nyingine wakati unanyonyesha, kwa mama mwenye afya ambaye mimba yake haina matatizo, si sababu, ingawa majirani wengi watakuambia maziwa yamekuwa sumu.

Sababu za kweli nazo zipo. Mama anayepata tibakemikali katika Taasisi ya Saratani ya Uganda pale Mulago. Mama anayetibiwa kwa iodini ya mionzi. Mtoto aliyezaliwa na galaktosemia, ugonjwa unaomfanya asiweze kutumia sukari iliyomo kwenye maziwa. Mama mwenye Ebola, kama tulivyokumbushwa mwaka 2022 mlipuko ulipoanzia Mubende. Huyu hukatazwa kunyonyesha, na maziwa yake hushughulikiwa na wahudumu wa kitengo cha kutenga wagonjwa, si nyumbani. Mama ambaye mtoto wake amefariki. Na mama aliyeelezwa yote akaamua kwamba hatanyonyesha. Huyu wa mwisho pia anastahili kuhudumiwa bila kusemwa.

Kama mtoto yuko hai, mpango wa chakula chake uwe umekamilika kabla hujaanza kukausha maziwa: maziwa ya kopo ya watoto wachanga, maji yaliyochemshwa, na kikombe kidogo safi, kwa kuwa chupa ni ngumu kusafisha. Maziwa ya ng'ombe kutoka kwa mchuuzi na uji mwepesi haviwezi kumlea mtoto wa wiki moja. Ukiona kopo moja linaisha na la pili huliwezi, rudi kituoni mapema, maana ukiwa bado na maziwa tunaweza kubadili njia.

Hatua ya 2: Sema kabla hujatoka wodini

Mwambie mkunga: "Sitanyonyesha, nieleze nitafanya nini matiti yakijaa." Usisubiri aulize. Kama unaongea Kiswahili na wodi nzima inaongea Luganda au Runyankole, omba mtu wa kutafsiri; katika vituo vinavyohudumia wakimbizi mara nyingi yupo, na hata mfanya usafi anaweza kusaidia kwa maneno machache. Kama mtoto wako amefariki, una haki ya kuomba kitanda mbali na watoto wanaolia. Wodi ikiwa imejaa huenda kisipatikane, lakini omba.

Uliza pia kuhusu dawa ya kukausha maziwa, kwa sababu wakati wake ni huu. Dawa inayotumika zaidi ni kabergolini. Hufanya kazi vizuri ikitolewa siku ya kwanza baada ya kujifungua, miligramu 1 mara moja tu. Maziwa yakiwa yameshaanza kutoka, hutolewa robo miligramu kila baada ya saa 12 kwa siku 2. Haipo katika kila kituo, na mara nyingi utaandikiwa ukainunue kwenye famasi kubwa mjini. Inaweza kuleta kizunguzungu, kichefuchefu na kichwa kuuma, kwa hiyo siku hiyo inuka kitandani polepole.

Si kila mtu anaruhusiwa kuitumia. Mwenye presha ya juu, aliyepata kifafa cha mimba au dalili zake, mwenye ugonjwa wa valvu za moyo, na aliyewahi kuugua akili kwa kiwango cha kuona au kusikia visivyokuwepo, asipewe. Kwa hiyo presha ipimwe kwanza, na umwambie daktari dawa zote unazomeza, ARV zikiwemo, kwa sababu baadhi hugongana nayo. Usiinunue kwa ushauri wa mwenye duka la dawa wala usiazime kwa rafiki.

Dawa ya zamani, bromokriptini, ilitumika sana kwa kazi hii mpaka ikahusishwa na kiharusi, degedege na mshtuko wa moyo kwa wanawake waliotoka kujifungua. Nchini Marekani dawa hiyo ilikoma kuidhinishwa kwa kukausha maziwa miaka ya tisini. Sindano na vidonge vya estrojeni pia viliachwa kwa sababu huongeza hatari ya damu kuganda miguuni na mapafuni. Ukipewa kimojawapo kwa ajili ya maziwa tu, uliza kuna nini kingine.

Wanawake wengi hawahitaji dawa yoyote ya kukausha. Hatua zinazofuata zinatosha.

Hatua ya 3: Vaa sidiria inayoshika

Anza siku ya kwanza, kabla matiti hayajajaa. Tafuta sidiria isiyo na waya, yenye mikanda mipana, inayobeba titi zima bila kulibana. Kipimo chako cha kawaida kitakuwa kidogo siku ya 3, basi chukua kikubwa zaidi ya kile ulichozoea. Owino na masoko mengine ya mitumba yana nyingi nzuri kwa bei ya chini. Ifue na kuipiga pasi kwanza. Ivae mchana na usiku hadi matiti yalainike. Sidiria ya michezo nayo inafaa, mradi ukiivua usione mistari iliyochimba ngozi.

Kufunga kifua kwa leso au kitenge na kukaza kwa nguvu, kama walivyofanya bibi zetu, sikushauri. Kunaongeza maumivu, kunaziba mirija, na huo ni mwanzo mzuri wa uvimbe kuingia maambukizi. Kama sidiria hakuna, leso ipite kifuani kwa kulegea kiasi, ibebe uzito tu. Kiganja kiweze kupita chini yake na pumzi iingie bila taabu.

Ndani weka vipande vya kitambaa cha pamba vilivyokunjwa ili vifyonze maziwa yanayotoka. Vibadilishe kila vinapolowa, maana ngozi yenye unyevu muda wote huchubuka. Vifue kwa sabuni, vianike juani kwenye kamba wala si kwenye majani, kisha vipige pasi pande zote mbili. Kuna nzi wanaotaga mayai kwenye nguo zenye unyevu, na funza wake huingia ngozini. Joto la pasi huua mayai hayo. Juu ya titi lililovimba hutaki jambo hilo.

Hatua ya 4: Tumia baridi

Hapa ndipo tunapotofautiana na mazoea ya nyumbani. Mzazi hukandwa kwa maji ya moto, na kwa tumbo na mgongo mama wengi hufarijika. Kwa matiti usiruhusu. Joto hufungua mishipa ya damu, huchochea maziwa kutoka, na uvimbe huongezeka. Mwambie shangazi kwa heshima: "Ssenga, matiti uniachie." Ukioga kwa beseni, maji yawe vuguvugu na uyamwage mgongoni, yakipita kifuani yapite tu. Ukioga kwa bomba la juu, lipe mgongo.

Baridi inafanya kinyume: inakaza mishipa, inapunguza uvimbe, inatuliza. Chukua barafu, iweke kwenye kavera (mfuko wa plastiki), izungushie taulo au kitambaa kinene, uiweke juu ya titi kwa dakika 15 hadi 20. Pumzika saa moja au zaidi, rudia. Barafu isiguse ngozi moja kwa moja, kwa kuwa huichoma. Duka lenye friji litakugandishia maji kwenye kavera kwa shilingi kidogo. Kama hakuna umeme, chovya kitambaa kwenye maji ya mtungi, kamua, weka, na ukichovye tena kinapopata joto. Mtungi wa udongo uliokaa kivulini hupooza maji vya kutosha.

Majani ya kabichi nayo yanasaidia baadhi ya wanawake. Ushahidi wa kitaalamu si mkubwa, lakini hayadhuru na yanapatikana kila soko. Toa majani ya nje, osha vizuri, ponda mishipa minene kwa chupa, yapooze, kisha yapange ndani ya sidiria ukiiacha chuchu wazi. Yakinyauka, baada ya saa moja au mbili, badilisha. Usiyaweke kwenye ngozi iliyopasuka, na yakikuwasha acha.

Ukilala, lala chali au ubavu huku mto mdogo ukibeba titi. Kulala kifudifudi hukandamiza na kuchochea.

Hatua ya 5: Tibu maumivu

Hakuna sifa katika kuvumilia. Parasetamo za miligramu 500, vidonge 2 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa saa 24. Ibuprofeni ya miligramu 400 mara tatu kwa siku baada ya kula huongeza nguvu kwa sababu inapunguza na uvimbe. Dawa hizi mbili zinaweza kutumika pamoja. Ibuprofeni usitumie kama una vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, au presha ilipanda wakati wa mimba, mpaka mhudumu akuruhusu. Na angalia ulichopewa ulipotoka hospitali: diklofenaki, ambayo maduka yetu ya dawa huiuza kwa kila kitu, ni ya ukoo mmoja na ibuprofeni. Ukimeza zote mbili unajiumiza tumbo na figo.

Hatua ya 6: Kamua kidogo, na kwa sababu tu

Kama titi limekuwa gumu kiasi kwamba ngozi inang'aa, huwezi kulala, na baridi na dawa havijatosha, kamua. Nawa mikono. Kaa umeinama kidogo mbele. Weka kidole gumba juu na vidole vingine chini, nje ya duara jeusi la chuchu, sukuma kuelekea kifuani kisha bana taratibu. Usivute chuchu, usisugue titi. Mara tu ukali unapopungua, acha. Tunazungumzia vijiko vichache vya maziwa. Titi libaki limejaa kiasi. Safari inayofuata chelewesha zaidi, hadi haja hiyo iishe yenyewe.

Usitumie pampu ya maziwa, kwa kuwa ni vigumu kuisimamisha kwa kiasi. Usimpe mtoto anyonye "kidogo tu apunguze". Mume naye asinyonye, ingawa wapo wanaoshauriwa hivyo hata na watu wazima. Kunyonya ndiyo ishara kubwa kuliko zote ya kuuambia mwili uendelee kutengeneza. Kwa siku hizi za kwanza matiti yasichezewe kabisa, na mume aelezwe sababu.

Maziwa yanaweza kuchuruzika ghafla ukisikia mtoto wa jirani akilia au ukimwota wako. Hiyo ni homoni ya oksitosini, inasikiliza masikio na moyo. Kunja mikono kifuani, bonyeza chuchu kwa viganja kwa dakika moja hivi, yatakoma.

Chakula, maji na dawa za mitishamba

Kunywa maji kwa kiu yako. Kujinyima maji hakukaushi maziwa, kunakausha mama, na aliyetoka kujifungua anahitaji maji, chuma na chakula cha kutosha ili apone. Kula matoke, maharage, dodo (mchicha), samaki, supu. Ndugu watakuletea mchuzi wa kwato na uji wa obushera, wakisema ni "ya maziwa". Kula bila hofu, kinachoongeza maziwa ni kuyatoa.

Unga wa mitishamba, emmumbwa (udongo uliochanganywa na mitishamba), majani ya kupaka yaliyosagwa: sijui njia salama ya kukuambia utumie kiasi gani, kwa hiyo visiwe kwenye chuchu wala kwenye ngozi iliyopasuka. Chumvi na majivu pia, hapana.

Kama ulikuwa tayari unanyonyesha

Kuacha baada ya wiki kadhaa ni kugumu kuliko kutoanza. Maziwa ni mengi, mirija imezoea. Ukipewa muda, kwa mfano tibakemikali itaanza baada ya wiki tatu, punguza: ondoa mnyonyesho mmoja, kaa siku mbili au tatu titi lizoee, ondoa mwingine. Ule wa usiku uwe wa mwisho kwa mama wengi. Kama ilibidi kuacha siku moja, hatua ya 6 itakuwa rafiki yako kwa muda mrefu zaidi: kamua kupunguza ukali mara kadhaa kwa siku, kisha panua nafasi kati ya mara moja na nyingine. Wewe ndiye uliye karibu zaidi na uvimbe wenye maambukizi, basi jipapase kila siku kutafuta sehemu ngumu, na usome sehemu inayofuata mara mbili.

Dalili za kukupeleka kituoni

Joto dogo la mwili siku matiti yanapojaa linaweza kutokea na likaisha ndani ya siku moja. Lakini hapa kwetu, homa kwa mzazi haiwezi kuachiwa maziwa peke yake. Inaweza kuwa malaria, maambukizi ya mji wa mimba, ya kidonda cha upasuaji, ya mkojo. Kipimajoto kikionyesha nyuzi 38 au zaidi, au unatetemeka kwa baridi, nenda ukapimwe. Usinunue dawa ya malaria dukani ukangoja.

Titi lenye maambukizi kawaida huuma sehemu moja kuliko nyingine, sehemu hiyo ni ngumu na ya moto, na mwili mzima unauma kama wa mwenye mafua makali. Vitabu vinasema ngozi huwa nyekundu. Kwa ngozi yetu nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani. Utaona sehemu imekuwa nyeusi zaidi, au inang'aa, au imekakamaa, na ukiweka mgongo wa mkono unahisi joto lake kuliko titi lenzake. Mwonyeshe mhudumu, usikubali kuambiwa hakuna kitu kwa sababu hakuona wekundu.

Ukifika, sema mapema kwamba hunyonyeshi. Ushauri wa kawaida kwa ugonjwa huu ni mama aendelee kunyonyesha, nao haukufai. Utahitaji antibiotiki sahihi, mara nyingi ya jamii ya kloksasilini, uimalize hata ukipata nafuu siku ya pili, pamoja na baridi na dawa ya maumivu. Kama una mzio wa penisilini, litaje.

Kukiwa na uvimbe laini ulio kama una maji ndani, au homa haijashuka baada ya siku mbili za dawa, huenda ni jipu. Linahitaji hospitali au kituo cha ngazi ya nne chenye daktari. Usaha hutolewa kwa sindano au kwa kupasuliwa kidogo. Asilipasue mtu kwa wembe nyumbani.

Na bila kujali matiti: damu inayolowesha pedi nzima kwa chini ya saa moja, kichwa kuuma sana au kuona ukungu, degedege, uchafu wa ukeni wenye harufu mbaya, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kifua kubana au kukosa pumzi. Hizo ni za kupanda boda boda au gari sasa hivi, usiku hata mchana.

Kwa mama aliyempoteza mtoto, na walio naye

Mazishi kwetu hufanyika haraka, kesho yake au keshokutwa. Maziwa hujaa siku ya 3 au ya 4, wakati waombolezaji wanaanza kuondoka. Kwa hiyo nawaomba ndugu: mmoja wenu abaki. Abaki na barafu, vitambaa safi na parasetamo, na asimwambie mama kwamba atapata mwingine. Mama akitaka kulitaja jina la mtoto, mwache alitaje.

Baadhi ya wanawake hawataki maziwa haya yapotee bure. Kampala kuna ATTA Breastmilk Community, iliyoanzishwa mwaka 2021 na Tracy Ahumuza baada ya kumpoteza mtoto wake mchanga akiwa na maziwa yasiyo na wa kumpa. Inawaunganisha wanaotoa na watoto wachanga wanaohitaji, na anayetoa hupimwa kwanza. Kutoa kunamaanisha kuendelea kukamua, hivyo kukauka kunasogea mbele. Ni sawa kukubali na ni sawa kukataa. Mwingine atapenda kukamua mara moja na kuyamwaga kwenye kaburi la mtoto. Hakuna madhara kwa afya yake.

Kama umeajiriwa, Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inakupa likizo ya uzazi ya siku 60 za kazi kwa mshahara kamili, na angalau wiki 4 kati yake ziwe baada ya kujifungua au mimba kuharibika. Kufiwa na mtoto hakukuondolei haki hiyo. Wapo waajiri wanaomwita mwanamke kazini wiki inayofuata, waonyesheni sheria.

Machozi ya siku za kwanza ni ya kawaida kwa kila mzazi. Yakizidi wiki mbili, au mama hali, halali hata akipata nafasi, anajilaumu bila kukoma, au anasema heri afe, apelekwe kwa mhudumu siku hiyohiyo. Hospitali za rufaa za mikoa zina kitengo cha afya ya akili.

Uzazi wa mpango unaanza mapema kuliko unavyodhani

Anayenyonyesha mchana na usiku hupata kinga fulani dhidi ya mimba kwa miezi 6. Wewe hunayo. Yai linaweza kupevuka hata wiki ya 4 baada ya kujifungua, kabla hujaona hedhi, kwa hiyo kinga iwepo kufikia siku ya 21. Kijiti cha mkononi na sindano vinaweza kuanza mara moja, hata kabla ya kutoka wodini. Kitanzi huwekwa ndani ya saa 48 au kuanzia wiki ya 4. Vidonge vyenye estrojeni visianze kabla ya wiki 3, na kwa walio na hatari ya damu kuganda, kabla ya wiki 6. Kondomu wakati wowote. Huduma hizi ni za bure katika vituo vya serikali.

Wiki ya 6

Mama asiyenyonyesha huacha kurudi kliniki, hasa kama hana mtoto wa kupeleka chanjo. Rudi. Presha ipimwe, damu iangaliwe, kidonda kitazamwe, na uombe matiti yapapaswe. Kufikia wakati huo yanatakiwa yawe laini pande zote, pengine yakitoa tone ukiyabonyeza. Uvimbe wowote uliodumu zaidi ya wiki mbili, chuchu iliyoingia ndani hivi karibuni, ngozi iliyokunjamana kama ganda la chungwa, au damu kwenye chuchu, usiambiwe ni maziwa yaliyoganda ukarudishwa nyumbani. Omba barua ya rufaa ya kipimo cha ultrasaundi, na usipopewa kituo kimoja, nenda kingine.